Chumvi Ratili Mbili

Nimeishika mizani tangu Hendrick azikwe,
na kijiji kizima cha Vlissingen kinajua
kidole changu hakilali juu ya sahani.
Bia, misumari, chumvi, ngozi za fisimaji:
kila kitu kina mstari wake daftarini,
na chini ya ukurasa, kwa mkono wangu,
Teuntje Barents.
Si mjane wa fulani. Teuntje Barents.
Sheria ya Waholanzi haikuniuliza mume yuko wapi.

Dorcas Fowle aliingia siku ya matope,
Mwingereza, kofia inachuruzika.
Hakupiga goti, hakumshika mtu miguu kwa salamu;
hata mchungaji, aliyekuwa akionja bia yangu,
alimwambia "wewe" kavukavu,
kama mtu amwitavyo mtoto, au Mungu.
Akaomba chumvi, ratili mbili. Nikataja bei
ile ya kupandisha, ili alalamike,
niape, acheke, tukutane katikati.
Hakulalamika.
"Bei yenyewe ni ipi?" akauliza.
Nikaona haya mbele ya mawe yangu ya mizani.

Wao hujiita Marafiki.
Askari wa gavana huwaita Watetemekaji,
na anayemlaza mmoja wao usiku mmoja
hutozwa pauni hamsini.
Hamsini! Hilo ni ghala langu, na ng'ombe wawili juu yake.
Basi usimwulize mfanyabiashara kwa nini,
usiku ule wa barafu, alishusha ngazi ya dari ya kimea.
Labda kwa kuwa wiki iliyotangulia
alitembea maili tatu kunirudishia sarafu
niliyompa kwa kukosea hesabu.

Alfajiri, buti zilibisha kabla ya mikono.
"Mama Barents, weka kiganja juu ya Biblia.
Apa kwamba hayumo."
Nikaweka. Uongo mmoja kwa pauni hamsini:
sijawahi kupata bidhaa rahisi namna hiyo.
Neno lilikuwa tayari ulimini
ngazi ilipolia.
Akashuka, unga wa kimea nyweleni,
vidole vyekundu kwa baridi.
"Usiape kwa ajili yangu," akasema. "Nimo."

Nimo.
Silabi mbili, ng'ombe wawili.
Wakamfunga nyuma ya mkokoteni.
Sikulia. Nilimtukana kwa Kiholanzi,
mpumbavu, kichwa cha kabichi,
mpaka magurudumu yakapotea njia ya kivukoni.

Kisha zikaja manowari za Waingereza.
Bendera ikabadilishwa kama kitambaa cha meza.
Nikaolewa tena, na Edmund Tilley,
mtu mpole, sina la kumlaumu.
Karani mpya akalivuta daftari langu,
akachovya kalamu: Mali ya Tilley.
Nikamwuliza, "Na Teuntje yuko wapi?"
Akatazama huku na huku, kama atafutaye kuku.
"Yumo," akasema. "Ndani ya mumewe."

Siku ya Kwanza, kama waiitavyo, nilikwenda kwao.
Usidhani nimeamini. Ukimya wao ni mrefu
na mgongo wangu si wa benchi.
Nilitaka kuona tu.
Dorcas alisimama, makovu ya kamba mikononi,
akanena katikati ya wanaume,
na hakuna aliyemvuta sketi.
Mwanamume mmoja alipiga chafya. Basi.

Sasa huja dukani kila mwezi.
Chumvi, ratili mbili, ingawa najua
hana nyama ya kutosha kuitia.
Hulipa bei yenyewe, kisha hasogei.
Anangoja stakabadhi,
karatasi isiyo na uzito wowote mahakamani.
Edmund yuko nyuma anapasua kuni.
Naandika tarehe, naandika chumvi,
naandika Teuntje Barents,
naye huishika kwa pembe mbili, karibu na jiko,
kwani wino wa huku, wakati wa baridi,
hauna haraka ya kukauka.